UZI: Kupamba nyumba kwa sahani na vyombo vya kauri vya zamani. Tuanze na kitako, ukuta baadaye

MtunzaKauri

Wakuu, maswali mengi ya kupamba kwa sahani za zamani huanzia kwenye mpangilio: ziwe ngapi, rangi gani, zikae upande upi. Mimi nasema hilo liwe la mwisho. La kwanza ni kujua chombo chako ni cha udongo gani. Hilo ndilo litakaloamua utakiosha vipi, utakitundika kwa kifaa gani, na kama kinaweza kutiwa maji au la.

Kigeuze utazame kitako. Kwenye ile pete ya chini ndipo glezi inapokoma (glezi ni tabaka la kioo linalofunika udongo), na udongo wenyewe unaonekana wazi. Udongo mwepesi, unaochomwa kwa nyuzi za Selsiasi 1,000 hadi 1,150 hivi, una vinyweleo. Rangi yake ni nyekundu, manjano iliyopauka, au nyeupe kama chaki. Dondosha tone la maji safi pale penye udongo mtupu: likinyweka mbele ya macho yako, umeshapata jibu. Udongo-jiwe huchomwa kwa nyuzi 1,200 hadi 1,300. Ni mzito, mara nyingi wa kijivu au kahawia, na tone litabaki juu. Poselini ngumu huchomwa kwa 1,300 hadi 1,400, ni nyeupe na ukiimulika kwa tochi kutoka nyuma mwanga unapita. Halafu kuna poselini ya mifupa, ambayo karibu nusu ya mchanganyiko wake ni majivu ya mifupa. Hii ilikamilishwa na Josiah Spode kule Stoke-on-Trent, Uingereza, mwishoni mwa karne ya 18. Weupe wake ni wa maziwa, na kivuli cha kidole chako utakiona upande wa pili.

Baada ya hapo ndipo utafute ufa. Kiweke chombo juu ya ncha za vidole vya mkono mmoja, kisha gonga ukingo taratibu kwa penseli ya mbao. Poselini nzima inalia kama kengele na mlio unadumu. Yenye ufa inatoa mlio mfu. Lakini angalieni: udongo mwepesi hata ukiwa mzima haulii vizuri, kwa hiyo usihukumu sahani nzito ya udongo kwa mlio peke yake. Pitisha tochi ikiwa imelazwa sambamba na uso wa chombo. Ufa, kiraka na rangi iliyoongezwa baadaye vitajitokeza kwa kivuli. Mwenye tochi ya mwanga wa urujuanimno aitumie gizani, kwa sababu gundi na rangi nyingi za ukarabati hung'aa tofauti na glezi ya asili.

Jambo moja linalowatisha watu bure: vidoa vitatu vitatu vya ukwaru chini ya sahani. Hizo si kasoro. Ni alama za vishikio vilivyoibeba sahani ndani ya tanuru.

Nuru_ya_Dirisha

Shukrani mkuu, hii imekaa vizuri. Naomba ufafanuzi: sahani ikiwa na mtandao wa vinyufa vidogo vidogo kama utando wa buibui, imeharibika? Na yale madoa ya kahawia chini ya glezi yanatoka kwa jiki?

MtunzaKauri

Ndugu Nuru, jiki usiiguse kabisa. Nitaeleza sababu, lakini kwanza utando.

Vinyufa hivyo viko kwenye glezi tu. Glezi na udongo vikipoa baada ya kuchomwa, kila kimoja husinyaa kwa kiasi chake. Glezi ikisinyaa zaidi ya udongo, inabaki imevutwa kama ngozi ya ngoma, na mwishowe inapasuka. Sababu ya pili inakuja taratibu: udongo wenye vinyweleo hunywa unyevu wa hewa miaka na miaka, unavimba kidogo sana, na glezi haiwezi kuufuata. Ndiyo maana sahani iliyotoka tanuruni ikiwa laini inaweza kupata utando baada ya miongo kadhaa ikiwa kabatini tu. Kwa pambo, utando si ugonjwa. Ufa wa kweli utaujua kwa kuwa unaonekana pande zote mbili mahali palepale, na ukucha ukipita ukingoni unakwama.

Madoa ya kahawia ni mafuta na chai vilivyopenya kwenye vinyufa vikakaa kwenye udongo. Klorini iliyo kwenye jiki inaweza kuyafifisha kweli, ila inaacha chumvi ndani ya vinyweleo. Maji yakikauka chumvi inaganda kuwa fuwele, fuwele zinasukuma glezi kutoka ndani, na baada ya miezi unaona unga mweupe na magamba ya glezi yakidondoka. Uharibifu huo haurudishiki.

Tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, au 6 kwa doa sugu. Hatua zake:

Loweka chombo kwanza kwenye maji yaliyochujwa chumvi (yale ya kuongezea kwenye betri, si asidi yake, au ya pasi ya mvuke) kwa saa moja, ili udongo ushibe maji na doa lisivutwe ndani zaidi. Kisha lowanisha pamba kwa peroksaidi, ifunike sehemu yenye doa, zungushia nailoni isikauke, uache saa 24. Vaa glavu. Fungua, tazama, rudia kwa pamba mpya. Doa la zamani huweza kutaka mara nne au tano. Ukimaliza, loweka tena kwenye maji safi, ubadilishe maji mara tatu, kisha acha chombo kikauke kwenye hewa wiki mbili kabla ya kukifungia kabatini. Watu hukosea hapa mwisho. Uso unaonekana mkavu baada ya siku moja, kumbe ndani bado kuna maji, na kwenye kabati lisilopitisha hewa huota ukungu.

Njia hii haifai kwa chombo chenye mstari wa dhahabu, kwa rangi zilizopakwa juu ya glezi (zipapase kwa kidole, zimeinuka kidogo), kwa chombo kilichowahi kuunganishwa, wala kwa udongo mwekundu. Na asikudanganye mtu ukipashe moto kwenye oveni ili doa litoke. Mafuta yatazidi kukoza rangi, na ufa uliokuwa mdogo utafunguka.

Kitako_Hakidanganyi

Naongeza kuhusu mihuri ya chini, kwa kuwa wengi hununua muhuri badala ya chombo.

Muhuri wa nchi unasaidia kukadiria umri. Marekani ilipitisha sheria ya ushuru ya McKinley mwaka 1890, na kuanzia 1891 bidhaa zilizoingia huko zilitakiwa kuandikwa nchi zilikotoka. Ndiyo maana neno “England” peke yake mara nyingi linaashiria 1891 na kuendelea, na “Made in England” kwa kawaida ni karne ya 20. “Nippon” ni 1891 hadi 1921, baada ya hapo “Japan”. “Occupied Japan” ni miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ikaisha 1952. Muhuri wa umbo la almasi wenye herufi na namba pembeni ni usajili wa michoro wa Uingereza, 1842 hadi 1883. Kuanzia 1884 ikaja “Rd No” na namba. Kumbukeni tarehe hiyo ni ya kusajili mchoro. Sahani yenyewe inaweza kuwa ilichomwa miaka mingi baadaye.

Zile panga mbili zilizopishana za Meissen, kiwanda cha poselini cha Ujerumani kilichoanzishwa 1710, zimeigwa na viwanda vingi mno. Hali kadhalika mihuri ya wafalme wa China: wafinyanzi wenyewe waliandika jina la mfalme wa zamani kwa heshima, karne kadhaa baada yake. Kwa hiyo soma kitako kizima. Uchakavu wa kweli ni mikwaruzo ya kila upande, mingine mikubwa, mingine midogo, imekolea pale pete inapogusa meza tu. Mikwaruzo iliyoelekea upande mmoja ni ya msasa.

Kwa sahani za buluu na nyeupe zenye picha ya kubandika, chukua kioo cha kukuza mara 10. Picha iliyotoka kwenye bamba la shaba (ilichapwa kwanza kwenye karatasi, kisha ikahamishiwa kwenye sahani) ina mistari na nukta zilizochongwa kwa mkono, na mara nyingi utakuta mshono ukingoni, pale ncha mbili za karatasi zilipokutana na ua likakatika katikati. Mshono huo ni dalili nzuri. Picha ya mashine ya kisasa ina nukta zilizojipanga sawasawa kama za gazeti.

Fundi_Rafu

Wadau, sasa tutundike. Kuna njia mbili za ukutani na kila moja ina mahali pake.

Waya wenye springi: nusu mbili za waya zinazoshika ukingo kwa kulabu nne, zimeunganishwa na springi nyuma. Chagua saizi ambayo kipenyo cha sahani yako kinaangukia katikati ya vipimo vilivyoandikwa kwenye pakiti. Ikiwa inabidi uvute kwa nguvu zote ili kulabu ya mwisho ipande, waya ni mdogo. Ukimaliza, sahani inapaswa kusogea kidogo ndani ya waya ukiisukuma kwa kidole gumba. Kulabu lazima ziwe na ngozi ya plastiki. Hiyo plastiki ikikakamaa na kupasuka, chuma kinagusa mstari wa dhahabu na kuusugua kila mlango unapofungwa. Kagua mara moja kwa mwaka.

Sahani yenye ufa wa unywele usiitie waya wa springi. Springi haipumziki. Inavuta ukingo kuelekea katikati usiku na mchana, na chumba kikipata joto na baridi ufa unatembea. Hiyo iweke kwenye kistendi, juu ya rafu.

Diski ya gundi: duara la karatasi nzito lenye gundi inayoamshwa kwa maji. Safisha mgongo wa sahani kwa spiriti, lowanisha diski, subiri dakika chache mpaka gundi inate, ibandike katikati ukitoa hewa kutoka ndani kwenda nje, iache saa 24. Kisha ijaribu: shika kitanzi, inua sahani juu ya kitanda au blanketi lililokunjwa, itikise kidogo. Chukua diski kubwa kwa saizi moja kuliko pakiti inavyosema. Na itoshe ndani ya pete ya kitako, isipande juu ya pete.

Upande wa ukuta, watu hudharau. Kwa tofali au zege toboa tundu la mm 6, kina cha mm 40, likiinamia ndani kidogo ili uzito uvute skrubu kuingia. Weka plagi ya plastiki, skrubu ya mm 4 kwa 40, uache mm 5 nje. Plasta ya zamani inayomong'onyoka haishiki plagi. Tumia skrubu ya mm 60 na plagi ndefu inayofika kwenye tofali. Kwa ukuta wa jipsamu tumia plagi za kufunguka kwa nyuma. Sahani ya mlo ya sm 25 hadi 27 ina gramu 500 hadi 800, na sinia kubwa la nyama huvuka kilo 2. Msumari mtupu ni wa visahani tu.

Nuru_ya_Dirisha

Fundi, hiyo diski ikishabandikwa inatokaje? Na inafaa kwa sahani zote?

Fundi_Rafu

Inatoka kwa kulowekwa kwenye maji ya vuguvugu mpaka inyanyuke yenyewe. Usiikwangue kwa kisu. Na hapo ndipo alichosema MtunzaKauri kuhusu udongo kinapohusika: kwa poselini kuloweka si shida, lakini kwa udongo mwepesi wenye utando unaingiza maji na gundi kwenye vinyweleo. Kwa hiyo kwangu diski ni ya poselini na udongo-jiwe wenye glezi nzima. Usiibandike juu ya muhuri uliopakwa juu ya glezi, wala kwenye mgongo usio na glezi. Na bafuni au karibu na birika la mvuke, hapana, kwa sababu unyevu ule ule unaoifungua kwenye beseni utaifungua ukutani.

MtunzaKauri

Mpangilio nimeuweka mwisho kama nilivyoahidi, ila nao una hesabu yake.

Chora duara la kila sahani kwenye karatasi, likate. Funga waya kwenye sahani, vuta kitanzi juu kama kitakavyokaa kikiwa na uzito, pima kutoka ukingo wa juu hadi kitanzi, na utoboe karatasi mahali hapo. Kitanzi huweza kuwa chini ya ukingo au juu yake, na kila sahani ina kipimo chake. Ukipima moja ukatumia kwa zote, safu itapinda. Bandika karatasi ukutani kwa tepu ya karatasi, kaa nazo siku mbili au tatu, ukizitazama ukiwa umesimama na ukiwa umeketi. Ukiridhika, toboa ukuta kupitia kile kitundu cha kwenye karatasi.

Katikati ya kundi zima iwe sm 145 hadi 150 kutoka sakafuni, isipokuwa juu ya kochi au meza, ambapo sahani ya chini kabisa inaanzia sm 20 hadi 25 juu ya samani. Nafasi kati ya ukingo na ukingo, sm 4 hadi 7. Nafasi ikizidi sm 10 kila sahani inakuwa mpweke. Kubwa kuliko zote isikae katikati kamili. Isogeze pembeni, uisawazishe na mbili ndogo upande wa pili.

Mchanganyiko wa zama na viwanda tofauti unapendeza ukiwa na kitu kimoja cha kuufunga: buluu ileile, au ukingo wenye mawimbi, au ndege kwenye kila sahani. Kimoja kinatosha. Sahani nyeupe za kuchongwa kwenye ukuta mweupe zinapotea mchana; zinahitaji ukuta wenye rangi, au taa inayotoka upande ili michongo ipate kivuli. Taa ziwe za LED, maana za halojeni zina joto.

Usitundike nyuma ya mlango, juu ya kichwa cha kitanda, wala karibu na jiko ambako mafuta yatapenya kwenye utando. Jua halifuti rangi zilizochomwa, lakini linakausha na kugeuza manjano gundi na rangi za ukarabati.

Fundi_Rafu

Rafu za sahani kusimama: chonga mfuo wa upana mm 10, kina mm 6 hadi 8. Kwa sahani ya sm 25 iliyoegama kwa nyuzi 75 hivi, mfuo uwe takriban sm 6 kutoka ukutani. Kwa kisahani cha sm 15, sm 4. Ukichonga mifuo miwili rafu moja inatosha kwa saizi zote. Ubao wa mm 18 uwe na mhimili kila sm 60, maana sahani kumi na bakuli moja la supu lenye kifuniko ni kilo 8 hadi 10, na ubao ukipinda katikati vyombo vyote vinatelezea huko.

Kwa vitu vinavyosimama wima kwenye kitako chembamba, nta laini ya kushikiza vyombo. Vidonge vitatu vya ukubwa wa punje ya njegere, chini ya pete, bonyeza huku ukizungusha kidogo. Kuondoa ni kuzungusha vilevile. Ukivuta wima unaweza kung'oa kitako. Kama pete haina glezi na udongo ni mwepesi, weka kwanza kipande cha plastiki nyembamba ngumu, la sivyo nta itaacha doa la mafuta.

Mezani_Tu

Habari wadau. Naona watu wanapamba meza kwa sahani hizi na kupakulia chakula humohumo. Hilo ni salama?

Kitako_Hakidanganyi

Ndugu, sahani ya zamani usiyojua glezi yake ibaki pambo. Glezi nyingi za udongo mwepesi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na rangi nyekundu, za machungwa na manjano zilizopakwa juu ya glezi zinaweza kuwa na risasi au kadimiamu (metali nyingine yenye sumu). Asidi ndiyo inayozitoa: siki, ndimu, nyanya, juisi, na kadiri chakula kinavyokaa ndivyo kinavyozidi. Utando na mikwaruzo huongeza. Vijiti vya kupimia vya nyumbani vinagusa uso tu, kwa hiyo jibu la “hakuna” lisikupe uhakika wa kulia.

Mfano unaojulikana ni chapa ya vyombo ya Fiesta ya Marekani, ile ya rangi nyekundu. Ilitengenezwa kwa oksaidi ya urani (madini yenye mionzi) kuanzia 1936 hadi 1943, ikarudi 1959 hadi 1972. Kwenye rafu haina shida. Kwa chakula usiitumie, na usiipige msasa wala kutoboa.

Mezani unaweza kuitumia kama sahani ya chini, juu yake ukaweka sahani ya kisasa yenye kitambaa cha mduara katikati. Chakula kisiiguse.

Gundi_Polepole

Kuhusu vilivyovunjika. Kwa udongo mwepesi usitumie gundi ya papo hapo. Inanyweka kwenye vinyweleo, inaacha ukingo mweusi, na ukikosea hata nusu milimita hurudishi. Wakarabati hupendelea gundi iitwayo Paraloid B-72, ambayo huyeyuka tena kwa asetoni, kwa hiyo kosa linarekebishika. Kwa poselini epoksi inashika vizuri ila hugeuka manjano kwa miaka.

Panga vipande vyote kwa tepu kwanza bila gundi, uvipe namba. Kuna kipande ambacho kikitangulia kinamfungia mwenzake njia, na utakijua hapo tu. Ukikuta pini za chuma mgongoni zimeshikilia vipande, ziache. Huo ni ukarabati wa kale na ni sehemu ya historia ya chombo. Ukizing'oa unabaki na matundu.

Chombo kilichounganishwa kisilowekwe. Kifute kwa kitambaa kilichokamuliwa. Na chombo chochote kiinuliwe kwa tumbo, mikono miwili. Mkono wa buli ndio uliovunjika kwanza mara nyingi, na gundi yake haionekani mpaka ibebe uzito.

Nuru_ya_Dirisha

La mwisho wakuu: chombo cha maua cha udongo chenye utando kinaacha pete ya maji mezani. Na je, naweza kukigeuza kiwe taa?

MtunzaKauri

Pete hiyo inaonyesha maji yanapita kwenye utando na kutokea kitakoni. Weka ndani glasi au chupa ya plastiki iliyokatwa, maua yakae humo, na kitambaa kidogo katikati ya glasi na chombo ili visigongane. Kupaka silikoni ndani kunafungia unyevu uliokwisha kuingia, usifanye.

Taa inawezekana bila kutoboa. Tumia kizibo cha mpira au cha koki kinacholingana na mdomo wa chombo, chenye bomba la kushika balbu, na waya utokee pembeni ya kizibo. Uzito uweke chini: mfuko wa kitambaa wenye mchanga mkavu, kilo moja hadi moja na nusu kwa chombo cha urefu wa sm 30. Mchanga usiumwage mtupu, utakwaruza glezi na kuwa mgumu kutoa. Balbu ya LED isiyozidi wati 8, ili joto lisipande shingoni.